Somo la Watoto: Hamira na Uhai Usioonekana

Wazazi wapendwa wa Riyadh na Jeddah, joto likiwazuia watoto kutoka nje, jikoni pawe darasa letu.

Tuandae vikombe 3. Katika kila kimoja tutie kijiko kidogo cha hamira na kimoja cha sukari. Kisha tuongeze maji: cha kwanza ya friji, cha pili ya uvuguvugu, cha tatu yaliyotoka kuchemka (mtu mzima ndiye amimine). Baada ya dakika 15, watoto waeleze wanachokiona.

Cha uvuguvugu kitatoa povu. Hamira ni viumbe hai wadogo mno, jamii ya kuvu. Wanakula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, ileile inayoumua maandazi. Kwenye baridi wamelala tu. Wakipata joto wataamka. Kwenye maji yaliyochemka wamekufa.

Bakteria wanaoharibu chakula nao hustawi kwenye joto, na friji huwapunguza kasi tu. Kwa hiyo pilau tunayobeba kwenda ibada ya Ijumaa isikae nje zaidi ya saa 2. Joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Kupasha moto hakutoshi, kwani baadhi yao huacha sumu isiyoondolewa na moto.

Tumalizie kwa kusoma Mathayo 13:33, kisha tuwaulize watoto: kitu kidogo hivi kinawezaje kubadili donge zima?