Mwongozo wa Kuchagua Uzi wa Kuinua Ngozi ya Uso

Mwongozo huu ni wa madaktari na wahudumu wa afya wenye kibali cha kuinua ngozi ya uso kwa nyuzi. Haufundishi kuchoma sindano, unafundisha kuchagua. Kanuni yake ni moja: chagua uzi kwa kazi iliyopo na kwa uwezo wako wa kushughulikia kosa likitokea. Miezi ambayo uzi unadaiwa kudumu kwenye kipeperushi cha muuzaji isiwe kigezo cha kwanza.

1. Pima uso kwanza

Mkalishe mteja wima, mwanga ukimjia kutoka mbele. Akilala, mashavu huangukia nyuma na utadanganyika. Weka kidole mbele ya sikio, kisha vuta ngozi taratibu kuelekea juu. Ikiwa mstari wa taya unanyooka kwa mvuto mdogo tu, nyuzi zinaweza kumsaidia. Ikibidi uvute ngozi nyingi, au shingo imelegea sana, mwambie wazi kwamba nyuzi hazitamfaa na umpe rufaa kwa daktari wa upasuaji rekebishi. Chora njia za uzi akiwa bado amekaa.

2. Chagua umbo

Uzi laini usio na miba hauinui. Huchochea ngozi kutengeneza kolajeni, hivyo hufaa kwa ngozi iliyochoka na mistari midogo. Kumuuzia mteja uzi huo kwa ahadi ya kuinua mashavu ni kumdanganya.

Uzi wenye miba ndio unaoinua, kwa sababu miba hushikilia tishu za mafuta chini ya ngozi. Uzi wenye koni hufanya kazi hiyo hiyo kwa kushikwa na tishu zinazoota kuzunguka koni. Katika uso mwembamba sana, uzi wa aina zote mbili unaweza kuonekana au kupapaswa. Katika uso mzito, unaweza kuzidiwa na uzito.

3. Chagua malighafi

Polidioksanoni, yaani PDO, imetumika kushona majeraha kwa miongo kadhaa. Huyeyuka kwa takriban miezi 6 hadi 8, ingawa nguvu yake ya kushika hupungua mapema zaidi. Asidi ya polilaktiki, PLLA, hukaa mwaka mmoja au zaidi na huchochea kolajeni vizuri. Polikaprolaktoni, PCL, hunyumbulika na hukaa muda mrefu zaidi, hata kufikia miaka 2. Polipropilini haiyeyuki kabisa. Ikileta tatizo, ni lazima itolewe, na kuitoa ni kazi ngumu.

Kumbuka kwamba uzi unaodumu hudumu pamoja na kosa lake. Kwa hiyo mhudumu anayeanza, na mteja anayejaribu tiba hii kwa mara ya kwanza, waanze na PDO. Nenda kwenye PLLA au PCL ukishajua jinsi ngozi ya mteja huyo inavyopokea uzi.

4. Ahirisha au kataa

Usiweke uzi kwa mjamzito, wala mahali penye chunusi zenye usaha au maambukizi mengine. Uliza kuhusu makovu yanayovimba. Yatafute kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio, maana ngozi nyeusi huathirika nayo zaidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache bila kauli ya daktari aliyemwandikia.

5. Kagua bidhaa, pata ridhaa

Nunua uzi uliosajiliwa na mamlaka ya nchi yako. Kwa Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na kama pakiti imefungwa vyema. Bandika lebo yenye namba ya toleo kwenye faili la mteja.

Ridhaa itaje michubuko, uvimbe, ngozi kubonyea, pande kutolingana, uzi kuchomoza, maambukizi, na kuumia kwa neva au tezi ya mate. Mweleze pia kwamba matokeo si ya kudumu.

6. Baada ya tiba

Mteja alale chali, asisuguliwe uso na aahirishe matibabu ya meno kwa wiki 3 hivi. Asipanue mdomo sana wala kutafuna vitu vigumu. Mpe namba ya simu inayopokelewa. Akipata homa, maumivu yanayozidi au usaha, aonwe siku hiyo hiyo. Kliniki isiyoweza kumwona siku hiyo isianze kutoa tiba hii.