Diski Isiyotambuliwa na Kompyuta: Tusiharakishe Kuifuta



Tuchukue mfano ambao wengi wenu mnaweza kuufikiria bila shida. Mwenye duka la jumla ameibiwa usiku. Kamera zake zilikuwa zikifanya kazi, na asubuhi fundi amemnakilia picha za tukio kwenye diski ya nje. Siku mbili baadaye anaichomeka diski hiyo kwenye kompyuta ili awaoneshe wazee wa mtaa, na kompyuta haioneshi kitu. Anaichomoa, anaichomeka tena, na safari hii kompyuta inamtaka aifomati diski kabla ya kuitumia. Anabofya kukubali, kwa kuwa mashine ndiyo iliyomwambia. Hapo ushahidi ambao wezi hawakuweza kuuharibu, ameuharibu yeye mwenyewe.

Somo letu la leo ni hili: diski isiyotambuliwa mara nyingi haijapoteza kilichomo. Kasoro huweza kuwa kwenye kebo, kwenye umeme, au kwenye kompyuta yenyewe. Kwa hiyo tuchunguze kuanzia nje kwenda ndani, na tusikubali kitu chochote kiandikwe juu ya diski hadi tujue kasoro iko wapi.

Hatua ya kwanza: tusikilize

Diski nyingi za nje zina sahani inayozunguka ndani yake, na juu ya sahani hiyo hupita kichwa cha kusomea. Ukiichomeka, iweke karibu na sikio. Mvumo mwembamba wa kuzunguka ni dalili njema. Mlio wa kugonga unaojirudia ni dalili mbaya: kichwa cha kusomea huenda kimeharibika, na kila dakika ya kuendelea kuiwasha huweza kukwaruza sahani iliyobeba picha zako. Ichomoe mara moja na usijaribu tena. Usiifungue, kwa sababu hata vumbi dogo hudhuru sahani hiyo. Usiigonge, wala usiiweke kwenye friji kama wengine wanavyoshauri. Diski ya namna hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Zipo pia diski za kisasa zisizo na sahani. Hizo hazitoi sauti hata zikiwa nzima, hivyo ukimya wake usikutie hofu.

Hatua ya pili: kebo, tundu na umeme

Ikiwa hakuna mlio wa kugonga, anza na kebo. Baadhi ya kebo za simu zimetengenezwa kwa kuchajia tu; zinapitisha umeme, lakini hazina nyaya za kupitishia data. Taa ya diski itawaka, nawe utadhani diski ndiyo mbovu. Tumia kebo iliyokuja na diski, au nyingine iliyokwisha kuthibitika kusafirisha faili.

Kisha tazama tundu. Diski ndogo za kubebeka hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya USB. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0 hadi miliampia 900. Diski inayohitaji zaidi ya inachopewa huwasha taa lakini haiwezi kuzunguka ipasavyo. Kwa hiyo usiichomeke kwenye kigawanyio kinacholisha vifaa vingine vitatu. Ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Kwa kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma huwa ya kuaminika zaidi kuliko ya mbele.

Diski kubwa za mezani huwa na adapta yake ya umeme, mara nyingi ya volti 12. Adapta ikipotea, usiazime ya redio au ya modemu kwa sababu tu ncha yake inaingia. Linganisha kwanza volti, ampia, na mchoro wa chanya na hasi uliopo kwenye vifaa vyote viwili. Kosa la hapa huweza kuunguza diski iliyokuwa nzima.

Mwisho, ijaribu kwenye kompyuta ya pili. Ikisomeka huko, kasoro ni ya kompyuta ya kwanza, na diski yako ni salama.

Hatua ya tatu: je, kompyuta inaiona?

Kwenye kompyuta yenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, kisha uchague "Disk Management". Dirisha litafunguka likiwa na orodha ya diski zote zilizounganishwa. Diski yako ikiwamo, lakini haina herufi kama E au F, basi imekosa jina la kuitiwa tu. Ipatie herufi isiyotumika. Tendo hilo halifuti faili. Ikiwa haimo kabisa, rudi kwenye hatua ya pili.

Lakini tazama vizuri. Dirisha hilohilo huweza kukutaka u-"Initialize" diski, yaani uianzishe upya kana kwamba haijawahi kutumika. Kataa. Funga dirisha na usiguse kitu kingine.

Hatua ya nne: ujumbe wa "Format"

Ujumbe huu hauna maana kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kuelewa mpangilio wa faili zilizomo. Huenda mpangilio umeharibika kwa sababu diski ilichomolewa ghafla au umeme ulikatika. Huenda pia diski ilitayarishwa kwa kompyuta ya Mac, ambayo mpangilio wake Windows haiusomi bila programu ya ziada.

Ufomati wa haraka hufuta orodha ya faili, na ndiyo maana mtaalamu huweza wakati mwingine kuziokoa, ikiwa hakuna kipya kilichoandikwa juu yake. Ufomati kamili kwenye Windows, tangu toleo la Vista, huandika sifuri katika diski nzima; baada ya hapo hakuna wa kuziokoa. Programu za kukarabati diski nazo hubadilisha yaliyomo. Zitumiwe kwa diski yenye nakala kwingine, si kwa diski ya pekee yenye ushahidi.

Diski ya mashine ya kurekodia

Hapa ndipo wenye maduka, maghala na vituo vya mafuta wanapohitaji tahadhari zaidi. Wapo wanaofungua mashine ya kurekodia kamera, wakaitoa diski yake na kuiunganisha kwenye kompyuta. Mashine nyingi za namna hiyo huandika kwa mpangilio wake wenyewe, ambao Windows haiujui. Kompyuta itadai diski ianzishwe au ifomatiwe, ingawa diski ni nzima na picha zote zimo. Iacheni ndani ya mashine yake, na picha zitolewe kupitia menyu ya mashine hiyo.

Wakati huohuo msikawie. Mashine hizi, diski ikijaa, kwa kawaida huandika juu ya picha za zamani. Tukio likitokea, toeni taarifa siku hiyohiyo, ili picha zinakiliwe kabla hazijafunikwa na nyingine.

Andikeni pia saa inayooneshwa na mashine na saa halisi ya wakati huo. Jambo hili ni zito kwetu wa mpakani. Uganda, Kenya na Tanzania zina saa moja; Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Hivyo Katuna na Rusumo, tukio moja huweza kuandikwa kwa saa mbili tofauti kulingana na upande wa mpaka. Tusipoandika saa ni ya upande gani, mtu asiye na hatia anaweza kushukiwa, na mwenye hatia akajitetea kwa saa isiyo sahihi.

Kwa nini tunasisitiza hivi?

Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, na Tanzania ina yake ya mwaka 2015. Pande zote mbili za Mutukula, mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki hutazama jinsi ulivyotengenezwa, jinsi ulivyotunzwa, na iwapo ukamilifu wake ulilindwa. Diski iliyopita mikononi mwa mafundi watano, kila mmoja akijaribu programu yake, huzua maswali ambayo mlalamikaji hataweza kuyajibu.

Kwa hiyo, diski ikiwa ndiyo nakala pekee ya ushahidi na hatua ya pili haikusaidia, ikomeeni hapo. Iwekeni katika bahasha, andikeni tarehe, saa, na jina la kila aliyeishika, kisha ileteni kituoni na mdai hati ya kupokelewa. Msiikabidhi kwa fundi msiyemjua, wala msiipeleke ng'ambo ya mpaka kwa sababu tu bei ya huko ni nafuu.

Kwa mambo yenu ya kawaida, kama daftari la wageni wa kijiji, hesabu za kikundi cha akiba, au picha za ng'ombe na alama zake, kuweni na nakala tatu: mbili katika vifaa tofauti, na ya tatu mahali pengine mbali na nyumba hiyo. Aliye na nakala hatetemeki kompyuta inapogoma.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Taa ya diski inawaka, lakini kompyuta haioneshi kitu. Utaanza kukagua nini?
2. Kwa nini diski ya mashine ya kamera huweza kuonekana mbovu ilhali ni nzima?
3. Katika kijiji chetu, nani anatunza nakala ya daftari la wageni, nayo iko wapi?

Swali la tatu lisiahirishwe. Lijibuni kabla mkutano haujafungwa.