Dondoo muhimu: Kupima mimweko ya mita ya LUKU
Fundi wa Nyakato, kitaa chekundu cha mita humweka kadiri umeme unavyotumika. Soma kwanza kwenye mita ni mimweko mingapi kwa uniti. Ikiwa ni 1000, mmweko mmoja kila sekunde 3.6 ni kilowati 1.

Hapa wengi hukosea: huhesabu mimweko ndani ya sekunde 10, na mzigo ukiwa mdogo hupata sifuri au moja. Pima muda kati ya mmweko na mmweko, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Kwa mita ya mimweko 1000, jibu ni wati.

Ukisoma mimweko kwa fototransista, izungushie tepu nyeusi, jua la Mwanza ni kali. Ishara yake ipitishe kwenye chipu ya 74HC14, ili mmweko usihesabiwe mara mbili.

Lakiri ya TANESCO usiiguse kamwe.