Mlango Usifungwe kwa Nje
Kijitabu cha nyumba yenye mzee anayesahau, Kikima na vijiji vya Mbooni

Kabla ya yote

Usimfungie mzee ndani. Ukienda shambani, sokoni au kanisani, usitie kufuli kwa nje ukamwacha peke yake. Usimfungie.

Kwa nini naanza na hilo

Kesi ninazopokea ni zile zile. Susu (nyanya) kavunjika nyonga akijaribu kutokea dirishani. Umau (babu) kawasha moto apate chai, moshi umejaa, mlango haufunguki. Mwingine kashinda bila maji tangu alfajiri. Jioni anaropoka, na watu wa nyumbani wanadhani usahaulifu umezidi, kumbe ni kiu. Nikiuliza, jibu ni moja: "Daktari, tulimfungia asipotee." Mimi si daktari, na jibu hilo limenichosha. Najua mlifanya kwa upendo. Kwa milima hii yetu, matuta na mabonde yake, hofu ya kupotea si ya bure. Lakini anayefungiwa huumia kila siku, hata siku asiyovunjika mfupa. Asiyesemeshwa kutwa nzima huzidi kufifia.

Mzee tunayemsema

Anauliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa. Hakumbuki kama amemeza dawa ya presha. Anatafuta fimbo aliyoishika. Lakini bado anavaa mwenyewe, anakula mwenyewe, anacheka utani ukiwa mzuri. Huyo ndiye wa kupelekwa kwenye kikundi cha wazee ninachokieleza hapa chini, mapema, asingojewe azidiwe.

Hajarogwa. Wala yeye si mchawi. Watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation wameshafanya kazi hapa Makueni kuhusu aibu na dhana potofu zinazouzunguka ugonjwa wa kusahau, na bado nazisikia kila wiki. Mkitaka kumwombea, mwombeeni, ila kituo cha afya pia afike.

Akibadilika ghafla

Akichanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, au mdomo ukienda upande, au mkono ukilegea, ni hospitali leo hii.

Kikundi chenyewe

Ni mwethya, kazi ya pamoja, ila hapa hakuna jembe. Wazee watano hadi wanane hukutana mara mbili kwa wiki, dakika 45 hivi, mahali pale pale, saa ile ile. Utaratibu huu ulitungwa Uingereza: mikutano 14 katika wiki 7. Usiseme ni mambo ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro upande wa Tanzania, wazee 34 wa vijijini waliupitia baada ya kurekebishwa ufae maisha yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kufikiri kwao na hali ya maisha yao vilipata nafuu. Nafuu, nimesema. Atakayekuambia kikundi kinaponya anataka pesa yako.

Huanza kwa wimbo ule ule kila mara. Kisha siku na tarehe, na kama mvua inakuja. Baada ya hapo ni jambo moja tu la siku: leo muthokoi na mbaazi zapita mkono hadi mkono, kesho nyuzi za mkonge na kiondo kilichoachwa nusu, siku nyingine vitendawili. Mmoja akisema "Kwata ndai!" hata aliyekuwa anasinzia huitikia. Ya zamani bado yamo: katika nyumba moja nilimkuta mama asiyekumbuka alichokula asubuhi, akanisimulia njaa ya 1961, ndege zilipodondosha chakula, na ile ya 1984 tuliyoiita Nikw'a Ngwete, pesa mkononi na chakula hakipo. Nilichelewa nyumba mbili zilizofuata. Sikujuta.

Usimpime

"Unanijua mimi ni nani?" Acha hiyo. Sema: "Susu, ni mimi Mwende, nimekuletea ndizi." Muulize anapenda nini, anaonaje; usimuulize anakumbuka nini. Akikosea mwaka, mwache na mwaka wake.

"Sasa nani atabaki naye?"

Swali la haki. Pangeni zamu, na wanaume wamo ndani ya zamu. Mtoto wa shule si mlinzi. Siku ukikosa mtu, nenda naye shambani akae kivulini achambue mbaazi. Mikono yake inajua kazi hiyo kuliko yako. Mwambie mama mboga wa njia panda na vijana wa bodaboda: wakimwona anashika njia ya peke yake, wapige simu. Andika nambari yako kwenye kitambaa, kishone ndani ya koti lake. Kiberiti na mafuta ya taa viwekwe mbali. Kitasa kifunguke kutoka ndani. Hata kwa dakika kumi, hata ukienda kuteka maji tu, usimfungie. Hata usiku. Usimfungie.

Dawa na vinywaji

Dawa ya presha na ya sukari apewe na mtu mmoja, saa ile ile, macho yakiona. Akijipa mwenyewe atakunywa mara mbili au asinywe kabisa. Piriton ya mafua na vidonge vya usingizi humchanganya mzee, msimnunulie dukani bila kuuliza. Kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, hata kikombe kimoja cha heshima, hapana. Mitishamba mnayompa itajeni kituoni, hakuna atakayewagombeza. Apimwe macho na masikio: wengine wanaoitwa wasahaulifu hawakusikia swali.

Pesa ya Inua Jamii

Pesa hii ya serikali kwa wazee ni yake. Imnunulie yeye.

Siku ya kwanza

Mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu; yeye ndiye wa kuwakusanya wazee wa karibu na kutafuta chumba, darasa au ukumbi wa kanisa. Siku hiyo mzee aje na miwani, sweta (Julai huku mnaijua) na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja. Asindikizwe kuja na kurudi. Akikataa, usimvute, wala usimwambie ni kikundi cha wanaosahau. Mwambie wenzake wanatafuta mtu anayejua vitendawili vya zamani, na mwende pamoja.