Ngurumo za Injini za Mashindano: Raha Yake na Gharama Yake kwa Masikio

Katika mitaa ya Rosettenville na Turffontein, si ajabu jioni ya mwisho wa juma kusikia injini ikinguruma hata vioo vya madirisha vikatetemeka. Mara nyingi ni BMW ya zamani, ile ambayo wenyeji huiita Gusheshe, ikizungushwa papo hapo huku matairi yakifuka moshi. Mchezo huo ulianzia Soweto, na leo unatambuliwa kuwa mchezo halali wa magari. Somo hili halikusudii kuwanyima vijana furaha yao. Lakusudia kueleza jinsi ngurumo hiyo inavyoyadhuru masikio.

Kwa nini ngurumo hupendwa

Sauti nzito haisikiki masikioni tu, bali huhisiwa kifuani. Moyo huenda mbio, na mtazamaji hujiona yumo ndani ya gari pamoja na dereva. Kwa fundi, mlio ni habari pia: kwa huo hutambua injini nzima na injini yenye hitilafu. Ndiyo maana mashindano ya Formula 1 yalipoacha injini za silinda 8 na kuchukua za silinda 6 mwaka 2014, mashabiki wengi walilalamika kuwa mlio umefifia.

Ngurumo hudhuru vipi

Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hugeuza sauti kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha, kisha huziua. Nazo zikifa hazioti tena.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni takriban 60. Wataalamu wa usalama kazini hushauri mtu mzima asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Injini ya mashindano isiyo na sailensa, kwa mtu aliye karibu, huweza kuvuka 100.

Uziwi huu huja polepole, bila maumivu. Mgonjwa husikia kwamba anaitwa, lakini hapambanui "saa" na "taa". Mvumo masikioni baada ya mashindano ni onyo, hata ukitoweka kesho yake.

Namna ya kujikinga

• Mtazamaji asimame mbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6.
• Atumie vizibo vya sponji. Kizibo huviringishwa kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio huvutwa juu na nyuma, kisha kizibo husukumwa ndani na kushikiliwa hadi kivimbe. Pamba haitoshi.
• Mtoto mchanga abaki nyumbani. Mtoto mkubwa avalishwe vikinga vinavyofunika masikio yote.
• Fundi wa gereji avae kinga kila anapojaribu injini. Kazi ikiwa na kelele ya desibeli 85 au zaidi, sheria humtaka mwajiri atoe kinga hizo bila malipo.

Wakati wa kwenda kliniki

Mtu akipoteza usikivu ghafla, hata kwa sikio moja, aende siku hiyohiyo, kwani kuchelewa hupunguza nafasi ya kupona. Mvumo usiokoma, au televisheni inayoongezwa sauti siku hadi siku, navyo vinahitaji kupimwa. Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 huwapa wasio na bima ya afya huduma ya msingi bila malipo katika kliniki za serikali.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani katika kaya hii hukaa karibu na kelele kali, na kwa muda gani?
2. Je, yuko anayeomba kurudiwa maneno mara kwa mara?
3. Vizibo vitawekwa wapi ili visisahaulike siku ya mashindano?

Kijana anayeipenda ngurumo ya injini ana sababu kubwa kuliko wote ya kuyatunza masikio yake: bila hayo, hataisikia tena.