Alama 40 huamuliwa kabla ya mtihani wa Gredi ya 9

Mzazi, je, wajua kuwa mwanao anapoketi kufanya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, alama 40 kati ya 100 huwa tayari zimeamuliwa? Chini ya Mtaala wa Umilisi, alama za kujiunga na sekondari pevu hutoka sehemu tatu:

• KPSEA, Gredi ya 6: asilimia 20
• Tathmini za shuleni, Gredi ya 7 na 8: asilimia 20
• KJSEA, Gredi ya 9: asilimia 60

Tuchukue mfano. Asilimia 70 katika KPSEA humpa mwanafunzi alama 14. Asilimia 80 katika tathmini za shuleni, alama 16. Asilimia 65 katika KJSEA, alama 39. Jumla ni 69.

Asiyefanya tathmini za shuleni hawezi kuvuka 80, hata akipata zote katika zile sehemu nyingine mbili.

Kwa hivyo, usingoje Gredi ya 9. Muulize mwalimu wa darasa mambo matatu: tathmini zitafanywa lini? Mwanangu amekamilisha zote? Alama zake zimewasilishwa kwa KNEC?