DARASA: MTOTO ASIYEISIKIA KENGELE

Leo twataka kusomesha jambo ambalo wengi wetu huwaachia walimu na Serikali, nalo ni kuwalinda watoto skulini siku ya balaa.

Sisi wa Mwingi twaijua balaa. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ulilichukua basi la skuli lililobeba wanakwaya, jirani zetu Wakristo, waliokuwa wakienda arusini. Roho zaidi ya 30 zilipotea, watoto wakiwamo. Mtu husema: ni kadari. Kadari twaiamini, lakini Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Asiyemfunga hategemei, apuuza.

Siku hizi mtoto kiziwi, kipofu na asiyeweza kutembea husoma darasa moja na wenziwe, na hilo ni jema. Lakini ikilia kengele ya moto, kiziwi atajuaje? Kule Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Ikiwa wenye kuona na kusikia walikwama, huyu je?

Wako wanaoona watoto hawa ni mzigo. Hao na wamkumbuke Ibn Ummi Maktum. Alikuwa kipofu, naye ni muadhini wa Mtume. Alfajiri hakuiona, aliadhini alipoambiwa na watu kuwa kumepambazuka, na kwa sauti yake Waislamu wa Madina walijizuia kula katika Ramadhani.

Basi kengele na ifuatane na bendera nyekundu ya kupepewa mlangoni. Kila mtoto mwenye udhuru awe na wenziwe wawili wa kumwambia na kumshika mkono (wawili, kwani mmoja huenda siku hiyo hakuja). Penye ngazi pawekwe njia ya mteremko. Na zoezi lifanywe kila muhula, nao wakiwamo, wasikalishwe pembeni kwa huruma.

Njiani pia. Mvua ikinyesha milimani, mto hujaa ingawa hapa jua lawaka. Watoto wafundishwe kuwa maji ya rangi ya udongo hayavukwi, hata nyumbani kukiwa ng'ambo, na mzazi asimpige aliyechelewa kwa sababu hiyo.